UZI: Babu alikuwa manamba wa mkonge. Sensa haina jina lake, sasa nimtafute wapi?

Mleta uzi

Wakuu, kuna jambo linanikera. Ukiingia mtandaoni kutafuta namna ya kufuatilia ukoo wako, kila mwongozo unakwambia hayo hayo: anza na sensa, nenda kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha cha ndoa, malizia na cha kifo. Miongozo hiyo iliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Mjukuu wa mkata mkonge wa Korogwe akiifuata hatua kwa hatua atazunguka ofisi hadi soli za viatu ziishe, na atarudi na jina la babu lile lile alilotoka nalo nyumbani.

Uzi huu ni wa wajukuu wa manamba (vibarua waliotolewa mbali kuja kufanya kazi mashambani), makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli na wapishi wa majumbani. Yaani watu ambao hawakuacha shamba lenye hati wala nyumba ya kugombaniwa. Babu yangu mzaa baba alitoka Buha, Kigoma, akaja Tanga kwenye mkonge na hakurudi tena. Majina ya ukoo siweki hapa, lakini njia nilizopita naziweka zote.

Nimejifunza hivi: mfanyakazi wa zama zile aliandikwa palipokuwa na pesa. Aliandikwa alipodaiwa kodi, aliandikwa alipolipwa, na aliandikwa alipodai kitu. Nje ya pesa, aliyemwandika bure ni padri peke yake (na wenye kukumbuka zaka watabisha hata hapo). Kwa hiyo usiulize "serikali ilimhesabu lini?" Uliza "nani alikuwa na shida na pesa yake au jasho lake?"

Tuanze na sensa tuimalize, maana haina mengi. Mwingereza aliwahesabu Waafrika wa Tanganyika mwaka 1948 na tena 1957. Kilichobaki mikononi mwetu ni majedwali: wanaume wangapi, wanawake wangapi, kabila gani, wilaya ipi. Baada ya uhuru tumehesabiwa 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, lakini Sheria ya Takwimu inafunga taarifa za mtu mmoja mmoja. Utapewa idadi ya kata nzima, dodoso la kaya ya babu hupewi.

Ila usiyatupe yale majedwali ya kabila kwa wilaya. Mzee akikwambia "sisi Waha tulikuwa wengi Korogwe kuliko wenyeji," jedwali litakuonyesha kama anatia chumvi.

Vyeti navyo: Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, ni ya mwaka 1920, kwa hiyo utadhani tuko salama. Hatuko. Wakati wa Mwingereza kuandikisha kulikuwa lazima kwa Wazungu na Waasia, Mwafrika hakulazimishwa. Ndiyo maana mjukuu wa mwenye duka wa Kihindi pale Tanga mjini anaweza kupata cheti cha babu yake cha miaka ya 1930, na mjukuu wa kuli aliyekuwa anapakua magunia ya duka hilo hilo asipate kitu.

Naendelea, msiweke kituo.

Mdau wa Leicester

Mkuu naunga mkono. Mke wangu ni Mwingereza, ukoo wao ni wa viwanda vya pamba kule Lancashire, watu wa chini kabisa. Nilikaa jioni moja tu kwenye kompyuta nikawapata hadi wazazi wa babu wa babu yake. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo kule Uingereza na Wales ulianza Julai 1837. Sensa yenye majina ya kila mtu ipo tangu 1841, kila miaka kumi, na inafunguliwa ikitimiza miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 iliungua moto Desemba 1942, na 1941 hawakuhesabu sababu ya vita. Binti wa miaka 13 wa kiwandani anaonekana kabisa: jina, umri, kazi, mtaa, amelala nyumba moja na akina nani.

Nilipojaribu upande wangu wa Muheza niliishia kwa babu. Kwa hiyo shusha nondo, nimekaa paleee.

Mleta uzi

Hapo ndipo tofauti ilipo. Yule binti wa kiwandani aliandikwa na dola iliyomhesabu kama raia. Huku kwetu aliyehesabiwa ni "nguvu kazi".

Kabla sijaenda kwenye kipande, neno moja kuhusu vyeti vya wazazi wetu. Wengi walipata cheti cha kuzaliwa wakiwa watu wazima, kwa sababu ya pasipoti, ajira au kitambulisho cha taifa. Waliapa mbele ya wakili au hakimu, wakaambatanisha cheti cha ubatizo au cha kumaliza darasa la saba, na tarehe ikapangwa mezani. Ukiona mzee amezaliwa tarehe 1 Januari au 1 Julai, kuwa macho. Cheti kilichotolewa 1985 ni ushahidi wa kilichosemwa 1985. Chenye thamani kubwa zaidi ni viambatanisho: nani aliapa, alijiita nani wa mzee, na alileta karatasi gani. Nyumbani mara nyingi nakala za kiapo bado zipo kwenye begi la bati chini ya kitanda cha shangazi. Anzia huko kabla hujaenda RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) au kwa Mkuu wa Wilaya.

Sasa kipande. Kwenye mkonge kazi ilihesabiwa kwa kadi yenye nafasi 30, siku moja nafasi moja. Umetimiza kazi ya siku, karani anatia alama. Hukutimiza idadi ya matita, hakuna alama, na siku hiyo ni kama hukuamka. Kadi ikijaa ndipo unalipwa. Mfumo huu ulianza tangu Mjerumani. Mkonge wenyewe uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf: miche 1,000 ilitumwa, ikafika hai 62, na mashamba yote yale yakatokana na hiyo.

Kadi yenyewe ni nadra kuiona, wazee waliitupa baada ya kulipwa. Kinachotafutwa ni leja ya mishahara na rejista ya wafanyakazi ya shamba. Hapa jiandae kisaikolojia. Mashamba yalibadilisha mikono: makampuni ya Wajerumani, Wagiriki, Waingereza, Waswisi na Wahindi, halafu 1967 serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba, halafu ubinafsishaji. Kila mkono ulipobadilika, makaratasi yalipungua. Sehemu moja (sitaitaja) niliambiwa leja za zamani zilitolewa stoo ili kupisha mbolea. Karani aliniambia huku akitabasamu, nadhani aliona huruma.

Lakini kwa waliokuja baada ya 1944 kuna mlango wa pili: SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa inaandikisha vibarua huko makwao na kuwaleta kwa mkataba. Ukibahatika kuona karatasi ya mkataba au orodha ya msafara, tafuta kwanza jina la chifu. Kwa Muha, kujua kwamba alitoka kwa mwami wa Heru, wa Muhambwe au wa Buyungu kunapunguza eneo la kutafuta kutoka mkoa mzima hadi vijiji kadhaa.

Na msisahau njia waliyopita. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, lakini reli ya Tanga haikuunganishwa nayo hadi ulipojengwa ule mkono wa Ruvu–Mnyusi mwaka 1963. Kwa hiyo manamba wa kabla ya hapo alishuka treni mahali akamalizia kwa lori au kwa miguu. Kilosa na Morogoro nako kuna mkonge. Ndugu wawili wametoka kijiji kimoja, mmoja akashukia Kilosa akabaki, mwingine akafika Korogwe. Kama kwenu mna hadithi ya "ndugu yake babu aliyepotea njiani", inawezekana hakupotea, alipata kazi.

Mdau wa Mombasa

Hapa Kenya kipande kilikuwa kitu kingine. Sheria ni ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, 1919 kwenda 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 aandikwe, atiwe alama za vidole, na abebe karatasi yake ndani ya kikebe cha chuma kilichofungwa shingoni. Ndani kuna jina, kabila, wilaya, na mwajiri anajaza ameanza lini, ameacha lini, mshahara ngapi. Kiliondolewa 1947. Marehemu babu alikuwa bandarini Kilindini na alikichukia hadi kufa, lakini kwa mtafuta ukoo ni historia nzima ya ajira kwenye karatasi moja. Waulizeni wazee kama kikebe kipo. Kwetu kilikutwa kwenye sanduku la bibi, kimewekwa vifungo vya nguo.

Kwa wenye wazee wa reli au bandari, Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, zina mafaili ya idara ya kazi na ya ma-DC (wakuu wa wilaya wa kikoloni). Jina la kibarua mmoja halipatikani kirahisi, lakini malalamiko, migomo na fidia za ajali hutaja watu kwa majina.

Mdau wa Kasulu

Mleta uzi, umesema padri. Fafanua, sisi wazee wetu wengi walibatizwa na Mapadri Weupe (shirika la wamisionari Wakatoliki) huku huku kabla ya kwenda manamba.

Mleta uzi

Mkuu, hapo umenigusa, maana rejista ya ubatizo ndiyo iliyonifungulia kila kitu. Kwa Wakatoliki kitabu cha ubatizo ni kama kikonyo, ukikishika vizuri kichane chote cha ndizi kinakuja. Nitaeleza taratibu.

Chukua cheti cha zamani cha ubatizo cha mzee yeyote, tafuta penye herufi L.B. na namba. Ni kifupi cha Kilatini, yaani kitabu cha waliobatizwa, na namba yake. Ukienda parokia na namba hiyo, katibu hahangaiki kupekua, anafungua mstari ule ule. Kwenye mstari utakuta tarehe ya kubatizwa, tarehe au mwaka wa kuzaliwa (kwa mtu mzima huwa ni makadirio), jina la baba, la mama, kijiji, msimamizi, na padri aliyebatiza. Vitabu vya zamani vimeandikwa Kilatini: *filius* ni mwana wa kiume, *filia* wa kike, *patrinus* ni msimamizi wa kiume. Ukijua maneno kumi umemaliza.

Sasa angalia pembeni mwa mstari, kwenye ukingo. Kanisa Katoliki tangu 1908 linataka ndoa ikifungwa popote, parokia ya ndoa iiarifu parokia ya ubatizo, na habari iandikwe pembeni mwa jina la aliyebatizwa. Kijana aliyebatizwa Kasulu akaoa Tanga miaka kumi baadaye, kitabu cha Kasulu kinapaswa kuwa na kimstari kidogo, wino mwingine, mwandiko mwingine: ameoa, na nani, wapi, tarehe ngapi. Haukuandikwa kila mara, lakini ulipoandikwa ni daraja kati ya kwao na kazini. Hakuna karatasi ya serikali inayofanya hivyo.

Mimi nilianzia upande wa pili, Tanga. Ubatizo wa shangazi mkubwa ulikuwa na baba, mama, na msimamizi. Jina la msimamizi halikuwa la ndugu tunayemjua, lakini lilikuwa jina la Kiha. Nikaanza kuandika wasimamizi wote wa watoto wa Kiha kwenye kurasa zile, majina yakawa yanajirudia: huyu msimamizi wa yule, yule msimamizi wa huyu. Watu hao walikuwa wa kijiji kimoja. Manamba akifika ugenini hampi mtu asiyemjua usimamizi wa mwanawe. Kwa hiyo pale ambapo kijiji cha babu hakikuandikwa, kilikuwa kimeandikwa kwa msimamizi wa mtoto wake.

Majina yatakuchezea, uwe tayari. Babu mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo, na jina alilosikia karani wa shamba. Karani wa pwani akisikia Bigirimana anaandika Bigilimana leo, Bikirimana kesho, na mwezi ujao amechoka anaandika Petro tu. Watoto shuleni wanaitwa "wa Petro", na Petro linakuwa jina la ukoo. Tafuta kwa herufi R na L zote mbili, tafuta kwa jina la ubatizo peke yake, na linganisha mke na watoto kabla hujashangilia.

Kuna na shajara. Mapadri Weupe walikuwa na utaratibu wa kila kituo kuandika matukio ya siku, na shajara hizo zimehifadhiwa Roma, kwenye makao yao makuu. Humo hupati mti wa ukoo. Unapata mwaka wa njaa, mwaka wa ndui, mwaka vijana walipoondoka kwa wingi. Kwa Waanglikana wa UMCA (misheni ya Kiingereza), waliokuwa Magila na maeneo ya jirani, nyaraka za misheni ziko Oxford, ila rejista za ubatizo zenyewe nyingi bado ziko makanisani hapa hapa. Walutheri wa Usambara vile vile, anzia usharikani.

Mdau wa Pangani

Na sisi Waislamu je? Babu hakubatizwa, kazikwa makaburi ya kijiji bila hata kibao.

Mleta uzi

Swali zuri, na ukweli ni kwamba kwenu kazi ni ngumu zaidi upande wa karatasi, ila si bure. Ndoa zilizofungwa baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971 zinatakiwa kusajiliwa, na za zamani huonekana kwenye kesi za kadhi na liwali kama kulikuwa na ugomvi wa talaka au mahari. Watu waliopatana hawaonekani popote, waliogombana wameandikwa kurasa na kurasa.

Nenda kwenye mirathi. Hili nalisema kwa wote, Wakristo na Waislamu, na nashangaa halitajwi. Mfanyakazi akifariki, hata kama hakuacha kitu zaidi ya kiwanja kidogo au akiba yake NPF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi (ulioanza 1964, baadaye 1997 ukageuka NSSF), familia ililazimika kwenda mahakama ya mwanzo kuteua msimamizi wa mirathi. Na mahakama inataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Wakuu, muhtasari ule! Tarehe, mahali, waliohudhuria, na mbele ya kila jina uhusiano: kaka wa marehemu, mjomba, mtoto wa mke wa pili. Chini wametia saini au dole gumba. Ni ukoo mzima umejiandika wenyewe, kwa Kiswahili, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kuhakikisha hajaachwa nje. Nimeona muhtasari mmoja wa miaka ya 1970 ambamo mtu alisafiri kutoka Kigoma ili tu aandikwe kwamba yupo. Jina lake hatukuwahi kulisikia nyumbani.

Uliza makarani wa mahakama kwa jina la marehemu na mwaka wa kufa. Kwa kaburi lisilo na kibao, mwaka huo unaupata kwa maswali ya matukio: alikufa kabla au baada ya Azimio la Arusha? Kabla ya operesheni vijiji? Vita vya Kagera vilimkuta? Bibi anayesema "sijui mwaka" anajua kabisa kama alikuwa amebeba mimba Mwenge ulipopandishwa Kilimanjaro. Hata makarani wa sensa wamewahi kutumia kalenda ya matukio ya namna hii, na bado umri wa watu ukajaa kwenye 30, 40, 50.

Mdau wa Leicester

Vipi hivi vipimo vya vinasaba vya kutema mate?

Mleta uzi

Vinakuunganisha na ndugu aliyepima pia. Waliopima wengi ni Wazungu na Wamarekani, kwa hiyo wewe wa Muheza utaambiwa "Afrika Mashariki" na pesa yako imeenda. Na kwa walioko Tanzania, upimaji unaongozwa na sheria ya 2009 na maabara ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, haifanyi mambo ya kutafuta mababu.

Mdau wa Korogwe

Mbona wanawake hamuwataji? Bibi yangu alifanya kazi shambani, kwenye korona (panapochambuliwa nyuzi za mkonge), nyuzi kwenye mikono yake miaka yote.

Mleta uzi

Dada, ni kweli, na hilo ndilo tundu kubwa kuliko yote. Kodi ya kibanda na ya kichwa ilimwandika mwanamume. Mkataba wa SILABU ulimlenga mwanamume, mke akaja kama mzigo wa ziada. Aliyeanika nyuzi mara nyingi alilipwa kama kibarua wa siku, na kibarua wa siku haachi karatasi. Bibi yako mtafute kama mama kwenye ubatizo wa watoto wake wote, mmoja mmoja, maana jina lake la nyumbani linaweza kukosekana kwa watatu na kuandikwa kwa wa nne. Mtafute kama shahidi wa ndoa. Mtafute kwenye mirathi ya mumewe, pale wajane wanapotajwa kwa mpangilio. Na kama bado yupo hai au rafiki yake yupo, acha karatasi, kakae naye leo.

Mdau wa Kasulu

Mkuu, nitapita parokiani Kabanga wiki ijayo kwa shughuli zangu. Nitumie PM miaka unayotafuta na majina ya wale wasimamizi. Mimi kwetu kuna watatu walioenda mkonge na hawakurudi, huenda wako kwenye kurasa zako za Tanga.

Mleta uzi

Nakutumia sasa hivi. Wengine wanaokwenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar: nendeni na kitambulisho, barua ya kujitambulisha, na jina la wilaya kama lilivyokuwa wakati wa Mwingereza, maana mafaili yamepangwa kwa wilaya za zamani. Ukiuliza Korogwe au Kasulu kwa mipaka ya leo utaletewa faili lisilo lako. Faili likija, kabla hujasoma ukurasa wa kwanza, fungua viambatanisho vya nyuma. Orodha za majina huwa huko.